Mwanamke Aliyehesabiwa Mara Moja

Mkuu wa kituo alitaka benchi lake.

"Yule mwanamke," alisema, akinyoosha kidole dirishani bila kugeuza shingo. "Nikiingia yupo, nikitoka yupo. Watu wanadhani ni askari. Jana mtu kampa taarifa ya baiskeli iliyoibwa, naye akaipokea! Faili lake hili hapa. Lisome, kisha umwondoe."

Inspekta alilichukua. Kituoni walimwita Sindano, na jina hilo hakulipata kwa wembamba, maana mama huyu mlango wa ofisi yake alikuwa akiuingia kwa ubavu. Walimwita hivyo kwa sababu swali lake likishamwingia mtu, lilitokea upande wa pili na uzi.

Faili lilikuwa jepesi. Mlalamikaji ni fundi cherehani kutoka mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Anadai kuwa pacha wake, aliyeolewa hapa mjini na mwenye lori la kokoto, ametoweka. Sajini aliyelishughulikia kwanza alikuwa ameandika chini kwa wino mwekundu: *Hakuna aliyetoweka. Mume anasema mlalamikaji ndiye mkewe. Idara ya Takwimu imethibitisha kuwa ni mtu mmoja. Apelekwe kwa daktari wa akili, kisha akabidhiwe kwa mumewe.*

Sindano aliurudia mstari wa mume. Katika kazi yake alishakutana na waume waliomkana mke. Mume aliyemng'ang'ania mwanamke anayesema "mimi si mkeo", huyo alikuwa mgeni kwake.

"Mwite mume," alimwambia koplo. "Na wa benchi mlete. Nataka wakae chumba kimoja."

Mwenye lori alifika baada ya muda mfupi, shati limepigwa pasi, vumbi jeupe la mawe limebaki kwenye nyusi. Mtaani walimwita Kokoto. Alikuja na jirani yake, mama mtu mzima muuza mkaa, ili awe shahidi. Fundi cherehani alikuwa ameshaketi, mikono ameifunga mapajani, macho yamevimba.

"Huyu ni nani kwako?" Sindano alimuuliza Kokoto.

"Mke wangu, afande."

"Shemeji, muogope Mungu," fundi cherehani alisema.

"Umesikia? Mimi mumewe, ananiita shemeji." Kokoto alitikisa kichwa taratibu. "Tangu tulipofiwa na mtoto, kichwa hakijatulia. Aliondoka nyumbani bila kuaga, karudi na cherehani, kapanga chumba cha watu, anasema yeye ni mtu mwingine. Mimi simgombezi. Nangoja apone."

"Mtoto gani?" fundi cherehani aliuliza.

Kokoto alimgeuzia Sindano viganja vyote viwili, kama anayesema: unaona mwenyewe.

Sindano alimgeukia muuza mkaa. "Mama, unamjua huyu?"

"Nimjue mara ngapi? Tumekaa ukuta kwa ukuta. Chumvi nimemwazima, mkaa nimemkopesha. Ni yeye. Uso huuhuu, na mwanya wa mbele huohuo."

"Na sauti?"

Muuza mkaa alisita. "Sauti ya mtu aliyelia sana hubadilika, mwanangu."

"Una picha mko wawili?" Sindano alimuuliza fundi cherehani.

Alikuwa nayo moja, imekunjika kati. Vitoto viwili vya kike, magauni ya kitambaa kimoja, vimeshikana mikono mbele ya ukuta.

"Huyo wa pili ni binti wa mama yake mdogo," Kokoto alisema bila hata kuinama vizuri. "Alifariki zamani."

"Mwongo!"

"Wazazi wenu wako wapi?" Sindano aliuliza.

"Wametangulia. Amebaki mjomba, na mjomba macho yalishakwenda, na kumbukumbu imeyafuata."

Sindano aliirudisha picha. Lau angeapishwa dakika ile, angesema mwongo ni mwanamke. Mume ana shahidi, ana ofisi ya serikali nyuma yake, na habari ya msiba ambayo mkewe mwenyewe haijui. Mwanamke ana picha ya watoto wawili ambao wangeweza kuwa wa mtu yeyote.

"Basi vizuri," alimwambia Kokoto. "Mchukue mkeo, mwende nyumbani sasa hivi."

Fundi cherehani aliruka kutoka kitini hadi ukutani. Lakini Sindano hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mume, na mume alikuwa amerudi nyuma hatua.

"Leo, afande? Leo nina mzigo wa mtu. Na chumba sijakiandaa. Mwacheni kwanza, nitakuja mwenyewe."

Walipoondoka, koplo alifunga mlango. "Mtu anamngoja mke kwa hamu namna hiyo, halafu akipewa anasema ana mzigo."

"Andika hilo," Sindano alisema. "Halafu chukua kofia. Tunakwenda kwa wenye hesabu."

*

Idara ya Takwimu ilikuwa juu ya posta ya zamani. Ukutani, kwenye ngazi, palikuwa na bango lililofifia la sensa ya mwisho: familia inacheka mlangoni, karani ameshika kalamu. Juu kabisa, katika chumba kilichojaa joto la mashine, walimkuta mtakwimu ambaye wenzake walimwita Jumla, bwana mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Nyinyi ndio mmesema huyu mwanamke ni mmoja?" Sindano aliuliza, akiweka barua ya sajini mezani.

"Sisi. Na ni mmoja."

"Mmemwona?"

Jumla alicheka kwa adabu. "Hatumwoni mtu siku hizi, Inspekta. Zamani tulituma makarani mlango kwa mlango. Wengine walifukuzwa na mbwa, wengine walidanganywa, na hesabu ilipotoka watu walishahama. Sasa hatugongi mlango. Kila mtu anaacha alama anapopita. Kaenda kliniki, kaandikisha mtoto shule, kabadilisha jina kwenye mita ya umeme, kachukua leseni. Ofisi zote zinatuletea alama hizo, sisi tunaziunganisha. Mwenye alama ndani ya mwaka, yupo. Asiye na alama, kahama au kafa. Tukijumlisha waliopo, tunajua mji una watu wangapi, na wapi panahitaji zahanati."

"Na mtu mwenye alama mahali pawili?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Makarani wanaandika ovyo. Herufi inaruka, tarehe inageuzwa, mtu mmoja anatufikia kama watu watatu. Tusipowaunganisha, nchi itajaa watu hewa."

"Huyu wangu mlimuunganisha?"

Jumla alivaa miwani, akabonyeza, akasoma. "Tarehe ya kuzaliwa ileile. Baba yuleyule, mama yuleyule, kijiji kilekile. Jina limetofautiana herufi moja. Hata ungeniamsha usingizini ningekwambia ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili."

"Mapacha huzaliwa tarehe gani?"

Koplo aliinamisha uso kuficha kicheko. Jumla hakucheka. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Tulilifikiria hilo," alisema. "Sisi si wajinga. Waliozaliwa hospitali, mkunga huandika kuwa ni pacha, na mashine haiwagusi."

"Na waliozaliwa nyumbani, wakaandikishwa wameshakua?"

"Hao..." Aliitazama mashine kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Hao hapana wa kuwaandikia."

"Sijasema ni mapacha. Inawezekana mwanamke anatuchezea. Nionyeshe tu siku ambayo huyu mtu wako mmoja alikuwa mahali pawili."

Jumla alitafuta kwa muda mrefu, akinung'unika. "Siku hatuweki. Tunabaki na mwezi. Lakini hapa pana kitu. Amelazwa hospitali kuu ya hapa, amepasuliwa ili ajifungue, mtoto hakuishi. Mwezi huohuo, katika ule mji mwingine, mkaguzi wa leseni amemkuta dukani kwake, na ametia saini."

"Mwezi ni mrefu. Mtu hupanda basi."

"Ndiyo maana hatukushtuka. Hapa ana alama nyingi zaidi, basi tukasema anaishi hapa. Alama isiyokubaliana na wenzake tunaiita kelele. Tunaiweka kando."

"Nyinyi mnaiita kelele," Sindano alisema akiinuka. "Mimi nasikia mtu anapiga kelele. Umesema amepasuliwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kisu huacha alama ambayo mashine yako haiwezi kuiweka kando. Watenganishe, bwana. Kila alama mrudishie mwenyewe, halafu uniambie umepata nini."

*

Daktari wa polisi alikuwa mama mkavu wa maneno. Alimwingiza fundi cherehani nyuma ya pazia. Kabla hajaingia, Sindano alikuwa amemuuliza maswali mawili tu. Amewahi kulazwa? Hajawahi hata kutundikiwa dripu. Amewahi kuzaa? Bado hajajaliwa. Kama ndiye mke wa Kokoto, alikuwa amejifunga kwa majibu yake mwenyewe.

Daktari alitoka akikausha mikono. "Tumbo halijapitiwa na kisu. Na huyu hajawahi kuzaa. Hilo naliandika na kulitia saini."

Koplo alipiga mluzi mdogo. Sindano alijishusha kitini.

"Sasa mmeniamini?" fundi cherehani aliuliza, akifunga kanga yake vizuri.

"Nimeliamini tumbo lako. Wewe bado nakuangalia. Kaa hapa. Kwa nini hukujua kuwa pacha wako alijifungua?"

Mwanamke alibaki ameshika pindo la kanga. "Alijifungua?"

"Kwa upasuaji. Mtoto hakuishi."

"Tulikuwa tunapigiana simu kila Jumapili," alisema. "Mimi nilitangulia kutoka tumboni, kwa hiyo yeye ni mdogo wangu, na mdogo wangu hakuwa na siri. Lakini mwaka huu alikuwa anaongea mafupi. Mzima? Mzima. Salama? Salama. Kama mtu anayeongea huku mwingine kasimama nyuma yake." Aliinua macho. "Halafu simu ikanyamaza."

Sindano alimrudisha benchini, akabaki na koplo.

"Fikiri na mimi," alisema. "Mume akikimbiwa na mke, anasemaje?"

"Anasema nimekimbiwa. Anatukana wakwe."

"Huyu anasema mke yupo. Anamwonyesha kwa kidole, tena kwa watu. Kwa nini?"

Koplo alijikuna kidevu. "Ili tusimtafute."

"Na haogopi kuwa mke mwenyewe atatokea siku moja amuumbue. Haogopi hata kidogo. Kwa hiyo anajua kitu."

Koplo aliacha kujikuna.

Siku iliyofuata walisikia kwa muuza mkaa kwamba Kokoto alikuwa amemwaga sakafu mpya katika stoo yake, majuma machache baada ya mkewe kutoweka mtaani. Sindano hakutaka kumshtua. Aliwaomba mafundi wa idara ya maji waende na nyundo zao, waseme wanatafuta bomba linalovuja. Wakavunja sakafu yote, Kokoto amesimama mlangoni anawatazama, hata jasho halimtoki. Chini ya zege walikuta udongo, mawe, na bomba linalovuja kweli. Kokoto aliwashukuru, akawanunulia soda.

"Ametucheka," koplo alisema.

"Ametulia," Sindano alisema. "Mtu hutulia hivyo unapochimba pasipo penyewe."

Jioni hiyohiyo mkuu wa kituo alimwita. Kokoto alikuwa ameleta ombi kwa maandishi: kwa kuwa ofisi ya serikali inamtambua mkewe, na kwa kuwa sajini alishaelekeza, basi akabidhiwe mgonjwa wake mwisho wa juma. Chumba alikuwa ameshakiandaa. Dirisha alikuwa ameliwekea nondo, asije akatoroka tena.

"Nina cheti cha daktari," Sindano alisema.

"Una cheti cha tumbo. Yeye ana barua ya serikali, na mashahidi mtaa mzima. Niletee zaidi ya hilo."

*

Aliyeleta zaidi ya hilo ni Jumla, ambaye hakuwahi kukanyaga kituo cha polisi maishani mwake. Alikuja kesho yake asubuhi, amelowa jasho, akampita fundi cherehani benchini, kisha akarudi nyuma kumtazama. Pengine ilikuwa mara ya kwanza kuona uso wa mtu aliyemhesabu.

"Nimewatenganisha," alimwambia Sindano mlango ulipofungwa. "Za kule ni za huyu wa benchini. Za hapa ni za mke. Zote zimekaa mahali pake, isipokuwa moja imebaki mkononi. Kituo kidogo cha afya, huko kwenye msitu wa kupandwa, nyuma ya vilima. Mwanamke ameshonwa mguu na kuchomwa sindano ya pepopunda. Hakuwa na kadi ya kliniki, ametaja namba kwa kichwa. Namba ni ya mke."

"Lini?"

"Baada ya simu kunyamaza. Nimewapigia, wamenitajia siku."

Sindano aliisikia siku hiyo, akafungua kitabu cha kituo. Siku hiyo fundi cherehani alikuwa palepale benchini, tena ndiyo siku aliyogombana na sajini mbele ya zamu nzima. Shahidi hakukosekana.

"Basi yu hai!" Jumla alisema.

"Polepole, bwana. Mwanamume aliyeweza kumtengeneza mke benchini anaweza kumtengeneza mwingine zahanati. Namba hata mume anaijua. Hujaniambia aliyeitaja ana uso gani."

Uso aliuona mwenyewe mchana ule. Gari la polisi waliliacha mbali, wakaingia kwa miguu, yeye na koplo, wote wamevaa kiraia. Muuguzi wa zahanati aliwaelekeza kwenye kitalu cha miche. Huko, kati ya mistari ya vifuko vyeusi vya udongo, mwanamke alikuwa ameinama akinyweshea miche, anachechemea kidogo. Aliposikia nyayo aliinuka, na koplo akasema kwa sauti ya chini, "Toba." Ulikuwa uso wa benchini, uliokauka machozi.

Mwanamke aliwatazama viatu. "Nyinyi ni polisi. Amewatuma?"

"Nani?"

"Anayetuma."

"Hakuna aliyetutuma. Dada yako ametoa taarifa kuwa umepotea."

Aliiweka chini ndoo ya maji. Alisimulia kwa ufupi, akiwa amesimama, mkono kwenye nyonga. Baada ya mtoto kufa, kipigo kiliongezeka, akamwambia mumewe anakwenda kukaa kwa dada yake. Mume hakubisha. Alisema atampeleka mwenyewe kwa lori. Njiani akakata kona kuelekea machimbo ya zamani, yale yaliyojaa maji, akasimama ukingoni, akamwambia ashuke aone jinsi maji yalivyo ya kijani.

"Akanisukuma. Sijui kuogelea. Nilishika mzizi chini ya mwamba, maji kidevuni, yeye yuko juu yangu, hanioni. Nikasikia anasema, 'Maji hayana mdomo.' Akakaa mpaka yakatulia. Ndipo nikasikia lori. Nikajivuta kwa mizizi mpaka juu, nikaja huku kuomba kibarua; mguu huu nilijikata na jembe baadaye."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Sajini wenu hula nyumbani kwangu, mama. Mimi ndiye niliyempakulia."

Koplo aligeukia miche. Sindano aliliweka hilo mahali pa kulishughulikia baadaye.

"Na dada yako? Neno moja tu, apate usingizi?"

"Nilijua atakuja kunitafuta, na siku ya kwanza tu mume wangu atamchungulia usoni. Akimwona analia, ataamini nimekufa, atalala. Akimwona amenyamaza, atajua." Alifuta mikono kwenye gauni. "Nilimwacha alie."

"Kuna jambo hulijui. Mumeo hasemi umekufa. Anasema dada yako ndiye wewe."

Mwanamke hakuelewa, ikabidi Sindano arudie. Jirani wanamtambua. Serikali imewahesabu kuwa mtu mmoja. Mwisho wa juma Kokoto anakwenda kumchukua mkewe mgonjwa, na dirisha ameshalitia nondo.

"Mimi sina mwili wala shahidi," Sindano alisema. "Yeye ana mke mzima, kwa maandishi. Nikikuacha hapa uko salama. Lakini mwenzako hayuko."

Mwanamke aliitazama miche yake, kisha akainama, akamalizia mstari aliokuwa akiunyweshea. Aliporudi alikuwa amevua viatu vya kazi.

"Msimwambie bado," alisema. "Uso wake hauwezi kuficha kitu. Mwacheni alie siku moja zaidi."

*

Kokoto alikuja kama alivyoahidi, shati jeupe, muuza mkaa nyuma yake akiwa amembebea mgonjwa kanga mpya. Sindano aliwapokea kwa unyenyekevu uliomshangaza hata koplo. Alisema kituo kimeridhika. Ila kabla ya makabidhiano, bwana athibitishe kwa mdomo wake mbele ya shahidi, ili baadaye pasiwe na maneno.

Benchi la nje lilikuwa tupu. Fundi cherehani alikuwa amepelekwa chumba cha pili kwa kisingizio cha kuweka saini, na bado alikuwa analia.

Katika chumba cha mahojiano mwanamke aliketi, ameinamisha kichwa, miguu ameificha chini ya meza.

"Huyu ni nani kwako?" Sindano aliuliza.

"Mke wangu," Kokoto alisema. "Nimesema hivyo tangu mwanzo."

"Una hakika?"

"Afande, mtu hamsahau mkewe." Alisogea, akashusha sauti ikawa ya upole. "Mama, yamekwisha. Twende nyumbani."

"Kwa lori?" mwanamke aliuliza.

"Kwa lori."

"Utakatia kona ileile?"

Mkono wa Kokoto, uliokuwa unaelekea begani kwake, ulisimama hewani.

"Maji hayana mdomo," mwanamke alisema, na sasa aliinua uso. "Ulikuwa umesimama juu yangu. Ulikohoa mara moja, kisha ukasema hivyo."

"Nani kakwambia?" Sauti ilimtoka nyembamba. Alimtazama Sindano, akamtazama koplo, akarudi kwa mwanamke. "Nani kakwambia? Kule hatukuwa na mtu!"

Kalamu ya koplo ilikwaruza karatasi, ikafika mwisho wa mstari.

"Kule wapi, bwana?" Sindano aliuliza.

Kokoto alitazama mlango. Sindano alikuwa ameshasimama mbele yake, na mlango ule, kama ule wa ofisi yake, haukuwatosha watu wawili.

"Mama mkaa," Sindano alisema bila kugeuka, "huyu ndiye jirani yako?"

Muuza mkaa alikuwa ameketi chini sakafuni, kanga mpya kifuani. "Sauti," alisema. "Sauti yake hii. Mungu nisamehe, nilimshuhudia nani?"

Walipomtoa Kokoto kwa pingu, sajini alijitokeza upande wa pili wa korido kutazama. Sindano alimwambia asiende mbali, kwani naye ana maswali yake. Kisha akamwashiria koplo afungue chumba cha pili.

Fundi cherehani alitoka akiwa ameshika leso. Alifika mlangoni, akasimama. Hakupiga kelele. Alimtazama mwenzake kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu wenye kovu, polepole, kama anavyotazama nguo iliyorudishwa dukani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya vilima. Nilikuwa napanda miche."

"Unakula?"

"Nakula."

"Na mimi nilikuwa hapa nalia."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Kila ulipolia, yeye alilala. Nilikuwa naishi kwa machozi yako, dada."

Kofi lilisikika mpaka korido. Koplo alipiga hatua, Sindano akamshika mkono. Mkono uliopiga ulibaki palepale shavuni, ukavuta kichwa kizima kikaangukia bega la fundi cherehani, na wote wawili wakateleza ukutani hadi chini. Walikaa hivyo muda mrefu. Sindano alikusanya karatasi zake, alipokuwa anatoka akasikia fundi cherehani akiuliza, kwa sauti iliyokwaruza:

"Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Ulimpa jina?"

"Lako."